Kazi ya Kutafuta, Kazi ya Kuamini: Historia ya Vitegemezi vya Programu Huria

Anayeandika programu leo huandika kipande kidogo tu cha kile kitakachoendeshwa. Kilichobaki ni jasho la wengine: maktaba ya kubana mafaili, ya kusoma tarehe, ya kuzungumza na hifadhidata, ya kuficha mawasiliano yasisomwe na wapita njia. Kila maktaba nayo ina zake inazozitegemea, na hizo zina zake. Vyote hivyo ni vitegemezi. Lazima vikusanywe, vikiwa na matoleo yanayopatana, kabla programu haijajengeka, na kazi hiyo imekula muda wa watengenezaji wa programu huria tangu harakati yenyewe ianze.

Ukiifuata historia yake hatua kwa hatua, jambo moja linajirudia. Kila kizazi cha zana kimempunguzia mtengenezaji kazi ya kutafuta, na papo hapo kikamwongezea idadi ya watu anaowaamini bila kuwajua. Kwa muda mrefu hakuna aliyeona kwamba hilo la pili nalo ni kazi.

1976: Asubuhi iliyopotea Murray Hill

Unix ulizaliwa katika maabara za Bell, Murray Hill, jimbo la New Jersey, na hukohuko tatizo la ujenzi wa programu likapata dawa yake ya kwanza. Programu za lugha ya C ziligawanywa katika mafaili mengi. Kila faili lilikompailiwa peke yake, kisha vipande vikaunganishwa. Ukibadilisha faili moja, ilikubidi ukumbuke vipande vingine vyote vilivyoguswa na badiliko hilo. Ukisahau kimoja, programu inaunganishwa na kipande cha zamani, nawe unabaki unashangaa kwa nini kosa ulilokwisha kulirekebisha bado lipo.

Ndivyo ilivyomkuta Steve Johnson, mtunzi wa Yacc. Aliingia ofisini kwa mwenzake Stuart Feldman akiwa amefura kwa hasira: asubuhi nzima imepita akisaka kosa katika programu iliyokuwa sahihi, kumbe faili lililorekebishwa halikukompailiwa upya. Feldman mwenyewe alikuwa ameonja adha hiyohiyo jioni iliyotangulia. Akakaa mwishoni mwa wiki akaandika chombo kidogo, akakiita make.

Wazo lake lilikuwa jepesi. Mtengenezaji anaandika faili liitwalo Makefile. Ndani yake anataja kitu anachotaka kijengwe, anaweka nukta mbili, anaorodhesha mafaili yanayokizaa, na mstari wa chini unabeba amri ya kukijenga. Make hutazama saa za mafaili. Chanzo kikiwa kipya kuliko zao lake, zao hujengwa upya. Kikiwa cha zamani, huachwa. Kwa mara ya kwanza utegemezi ukaandikwa mahali ambapo mashine inaweza kuusoma, badala ya kukaa kichwani mwa mtu.

Humo pia ulizaliwa usumbufu ambao haujaisha. Mstari wa amri katika Makefile lazima uanze kwa kitufe cha Tab. Ukiweka nafasi tupu, ambazo kwa macho zinafanana kabisa, make hukataa. Feldman alieleza baadaye kwamba alipoiona kasoro hiyo tayari alikuwa na watumiaji kama kumi na wawili hivi, na hakutaka kuwavurugia. Vijana wanaoanza Makefile yao ya kwanza leo wanalipa gharama ya huruma kwa watu hao kumi na wawili. Nimelieleza hili kwa kirefu kwa sababu linatokea katika kila sura ya historia hii: uamuzi mdogo wa siku za mwanzo ukishapata watumiaji, hautoki tena.

Make ilikuwa na mpaka. Iliyajua mafaili iliyotajiwa, basi. Kama programu ilihitaji maktaba iliyo nje ya folda yake, make ilichukulia kwamba ipo. Katika maabara moja yenye mashine za aina moja, hilo halikuwa tatizo.

1983–1991: Mashine nyingi, amri tatu

Septemba 1983 Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU: mfumo mzima unaofanana na Unix, ambao kila mtu angeruhusiwa kuutumia, kuusoma, kuubadilisha na kuugawa. Tangu hapo programu zilianza kusafiri kwenda kwenye mashine ambazo mwandishi wake hajawahi kuziona. Unix wa Sun haukufanana na wa HP, wala wa HP na wa DEC. Maktaba iliyokuwa kwenye folda hii huku ilikuwa kwenye ile kule, au haikuwepo kabisa. Mpokeaji alilazimika kuipekua Makefile na kuirekebisha kwa mkono.

Mwaka 1991 David MacKenzie, aliyekuwa akifanya kazi za GNU, alianzisha Autoconf. Badala ya kumwuliza mtumiaji ana mashine gani, programu iliihoji mashine yenyewe: kompaila ipo? Inaelewa hiki? Maktaba hii ipo, na ina kipengele kile? Mistari ya maswali na majibu ilishuka kwenye skrini kwa dakika kadhaa, na mwisho Makefile inayolingana na mashine hiyo ikaandikwa. Amri tatu, configure, make na make install, zikawa kama salamu ya watu wa programu huria duniani kote.

Autoconf ilijua kusema kitu hakipo. Kukileta haikujua. Mtumiaji aliyeambiwa maktaba fulani inakosekana alikwenda kwenye seva za FTP, akaitafuta, akaifungua, akaendesha configure yake, akaambiwa nayo inataka nyingine.

Kuna jambo la kipindi hiki ambalo halikumshughulisha mtu, nami naomba msomaji aliweke akilini. Faili la configure haliandikwi na binadamu. Linazalishwa na Autoconf, na mara nyingi ni maelfu ya mistari isiyosomeka. Ili kumrahisishia mpokeaji, mwandishi alilizalisha kwake, akalitia ndani ya kifurushi kilichobanwa, akakisambaza hivyo. Kwa hiyo kifurushi kilichotolewa kwa umma hakikuwa sawasawa na msimbo uliokuwa kwenye hazina ya mradi. Kilikuwa na mafaili ya ziada, na watu wakazoea kutoyasoma.

Onyo kuhusu imani ya namna hiyo lilikuwepo. Ken Thompson, mmoja wa waliouanzisha Unix, alilitoa katika hotuba yake ya Tuzo ya Turing, iliyochapishwa mwaka 1984. Alionyesha kwamba kompaila inaweza kupandikizwa hila ambayo haionekani popote katika msimbo chanzo, na ambayo hujirithisha kila kompaila inapojengwa upya. Hoja yake ilikuwa kwamba kusoma msimbo peke yake hakutoshi ikiwa huiamini zana iliyoujenga. Watu walimpongeza, wakarudi kazini, na mambo yakaendelea kama zamani.

1993–1999: Debian na mtu wa katikati

Agosti 1993 Ian Murdock, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Purdue, alitangaza Debian, mkusanyiko wa programu zinazozunguka kiini cha Linux ambao ungetunzwa kwa pamoja na watu waliojitolea. Mchango wake kwa suala letu ni mkubwa kuliko unavyosemwa. Kila programu iliwekwa katika kifurushi, na kila kifurushi kikabeba karatasi yake ya maelezo yenye mstari wa vitegemezi. Baadaye, kuelekea mwisho wa miaka ya 1990, ukaongezwa mstari mwingine tofauti: vinavyohitajika wakati wa kujenga tu. Tofauti hiyo ina maana. Kompaila inahitajika kiwandani, haihitajiki nyumbani kwa mtumiaji.

Machi 1999 toleo la Debian 2.1 lilikuja na APT. Unataja kifurushi unachotaka. APT inasoma maelezo yake, inakokotoa mti mzima wa vitegemezi, inavileta vyote na kuvisimika kwa mpangilio. Msako wa kwenye FTP ukawa hadithi ya zamani kwa watumiaji wa Debian. Huku Afrika Mashariki, ambako kabla ya nyaya za baharini intaneti ilipitia setilaiti na kuuzwa kwa bei ya kukatisha tamaa, mti huohuo uliweza kusafiri kwa CD. Seti ya CD za Debian ilikuwa na hazina nzima, na tangu 2004 hadi 2011 kampuni ya Canonical ilituma CD za Ubuntu, mfumo uliojengwa juu ya Debian, bure kwa posta mpaka mlangoni kwa aliyeomba.

Debian iliweka pia mtu wa katikati. Kati ya mwandishi wa maktaba na mtumiaji alisimama mtunzaji wa kifurushi: anapokea toleo jipya, analijaribu, analitia viraka, anaweka saini yake. Vifurushi vikawa vinajengwa kwa vile tu vilivyomo ndani ya hazina, bila kuchota chochote kutoka kwenye intaneti wakati wa ujenzi. Utaratibu huu ulikuwa wa polepole. Programu iliyoko Debian mara nyingi ilikuwa imepitwa na ile ya mwandishi kwa mwaka au miwili, na vijana wakaichoka. Kwa maoni yangu, hata hivyo, hakuna mpango mwingine katika historia hii uliolitendea haki swali la nani anamwamini nani.

Nje ya Debian, lugha zenyewe zilianza kujijengea maghala. Perl ilipata CPAN mwaka 1995, na wengine wakafuata nyayo.

2000–2009: Java, Maven na hospitali ya Eldoret

Watu wa Java hawakupenda make. Mwaka 2000 ilitoka Ant, iliyoandikwa na James Duncan Davidson alipokuwa akishughulikia Tomcat, seva ya programu za Java. Ant ilijua kujenga, ila vitegemezi iliviacha kwa mtengenezaji. Kawaida ilikuwa folda iitwayo lib, iliyojaa mafaili ya jar yaliyotoka huku na kule, mengine hayana hata namba ya toleo. Mtu akiondoka kwenye mradi, aliondoka na kumbukumbu ya yalikotoka.

Maven ilikuja kulimaliza hilo. Toleo lake la kwanza kamili lilitoka Julai 2004, la pili Oktoba 2005, na Jason van Zyl ndiye aliyekuwa mbele. Kila maktaba ilipewa utambulisho wa sehemu tatu: kundi, jina na toleo. Maktaba zikawekwa kwenye hazina kuu moja. Mtengenezaji aliandika katika faili la pom.xml mistari michache kwamba anataka kitu fulani, toleo fulani. Kuanzia Maven 2, vitegemezi vya vitegemezi vilifuata vyenyewe bila kutajwa.

Historia hii inapita Kenya hapa. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, kilianza kutumia kompyuta kutunza kumbukumbu za wagonjwa kwa mfumo uliojengwa juu ya Microsoft Access. Mpango wa AMPATH, unaowaunganisha Chuo Kikuu cha Moi, Hospitali ya Rufaa ya Moi na Chuo Kikuu cha Indiana, ulipopanuka kuwahudumia wagonjwa wa UKIMWI, mfumo ule ulielemewa. Mwaka 2004 Paul Biondich na Burke Mamlin, madaktari wa Taasisi ya Regenstrief huko Indianapolis, walianza kubuni mwingine, wakishirikiana na Hamish Fraser wa shirika la Partners In Health na Chris Seebregts wa Afrika Kusini. Huo ndio OpenMRS, programu huria iliyoandikwa kwa Java. Mwaka 2006 ulianza kufanya kazi Eldoret, na mwaka huohuo Rwanda.

OpenMRS ulianza kwa Ant, baadaye ukahamia Maven, na hilo halikuwa jambo la kiufundi tupu. Mradi wenye watengenezaji Indiana, Eldoret, Kigali na Cape Town hauwezi kuendeshwa kwa folda ya lib inayopelekwa huku na huku kwa mkono. Mfumo uligawanywa kuwa kiini na moduli, na kila moduli hutaja ni toleo gani la kiini inalolitaka. Mtengenezaji mpya alihitaji amri moja tu ili apate kila kitu.

Amri hiyo moja ilikuwa na gharama ambayo waliobuni Maven hawakuihisi. Ukiiendesha kwenye kompyuta mpya, Maven hupakua maktaba za mradi, kisha vitegemezi vyake, kisha vipande vya Maven yenyewe. Kwa mtu mwenye mtandao wa kasi, hayo ni mapumziko ya chai. Kwa aliyekuwa Eldoret au Mwanza kabla ya waya wa SEACOM kuanza kazi Julai 2009, ilikuwa siku nzima, na muunganisho ukikatika katikati ujenzi unaanguka. Dawa ilikuwa folda ya .m2, ambamo Maven hutunza nakala ya kila ilichopakua. Ukiinakili kwa flashi kutoka kwa mwenzako, unajenga bila mtandao. Naona katika folda hiyo jibu la maana kuliko wengi wanavyolichukulia: anayetunza nakala yake anaweza kujenga hata hazina kuu ikinyamaza.

2010–2016: Mistari 11

Mwaka 2009 Ryan Dahl alitoa Node.js, na mwaka uliofuata Isaac Schlueter akaanzisha npm, hazina ya vifurushi vya JavaScript. Mlango wake haukuwa na bawabu. Yeyote angeweza kuchapisha chochote kwa amri moja, na kikapatikana duniani kote papo hapo. JavaScript yenyewe ilikuwa na maktaba ya msingi finyu, kwa hiyo ukazuka utamaduni wa vifurushi vidogo mno, kila kimoja kwa kazi moja. Mradi wa kawaida ukawa na mamia ya vitegemezi, na mwenye mradi amevitaja labda kumi.

Kimojawapo kiliitwa left-pad. Kilikuwa na mistari 11 ya msimbo, na kazi yake ilikuwa kuongeza nafasi au tarakimu upande wa kushoto wa maandishi mpaka yafikie urefu unaotakiwa. Mwandishi wake, Azer Koçulu, alikuwa na kifurushi kingine kiitwacho kik. Kampuni ya Kanada yenye huduma ya ujumbe ya jina hilohilo ililitaka jina, Koçulu akakataa, wasimamizi wa npm wakaipa kampuni. Tarehe 22 Machi 2016 Koçulu akaondoa vifurushi vyake vyote 273 kwenye hazina.

Ndani ya dakika chache miradi ilianza kushindwa kujengwa kila pembe ya dunia. Babel, chombo kilichotumiwa na sehemu kubwa ya watu wa JavaScript, kilikitegemea left-pad kupitia kifurushi kingine. Watu waliona kwenye skrini kosa linalotaja jina wasilowahi kulisikia. Baada ya kama saa mbili npm ikachukua hatua ambayo haikuwa imewahi kuichukua, ikakirudisha kifurushi kilichoondolewa na mwenyewe. Siku chache baadaye sheria ikabadilishwa: kilichokwisha kukaa hadharani zaidi ya saa 24 hakikuruhusiwa tena kuondolewa hivihivi.

Wengi waliwacheka walioshindwa kuandika mistari 11 wenyewe. Mimi siioni hoja hiyo kuwa na uzito. Kilichoanguka siku ile ni dhana kwamba hazina ya umma ni mahali pa kudumu, kumbe ni mali ya kampuni moja na hiari ya watu maelfu.

Dawa moja ilikuwepo tayari. Bundler, zana ya watu wa Ruby, tangu 2010 iliandika faili la kufuli: orodha kamili ya kila kitegemezi, cha karibu na cha mbali, na toleo lake hasa, ili mradi ujengwe leo kama ulivyojengwa jana. Zana ya Yarn ililileta hilo kwa JavaScript Oktoba 2016, na npm ikafuata 2017. Cargo ya Rust ililikuta likiwa kawaida. Watu wa Go walichelewa mpaka 2018, lakini mwaka uliofuata wakaongeza daftari la umma la alama za utambulisho za kila toleo, ili kifurushi kisiweze kubadilishwa kimyakimya baada ya kuchapishwa.

Kufuli huzuia mabadiliko. Haliulizi kama ulichokifungia ndani ni salama.

2014–2021: Madeni yanaiva

Aprili 2014 kasoro ya Heartbleed iligunduliwa katika OpenSSL, maktaba iliyolinda sehemu kubwa ya mawasiliano ya siri kwenye mtandao. Dunia ikashtuka kujua kwamba watu wachache mno ndio waliokuwa wakiitunza, na fedha zao ni kidogo. Novemba 2018 ikaonekana kwamba mtunzaji wa kifurushi cha event-stream, aliyekuwa amechoka nacho, alimkabidhi mtu asiyemjua aliyejitolea kusaidia. Msaidizi huyo akaingiza kitegemezi kipya chenye hila ya kuiba sarafu za kidijitali kwenye pochi ya Copay. Februari 2021 Alex Birsan alionyesha kwamba ukichapisha hadharani kifurushi chenye jina linalofanana na la ndani la kampuni, zana za ujenzi za kampuni kubwa kabisa huchukua chako.

Desemba 2021 ikawa zamu ya Log4j, maktaba ya Java ya kuandika kumbukumbu za matukio. Maneno fulani yakiandikwa hata kwenye kisanduku cha jina la mtumiaji, maktaba iliyasoma kama agizo la kwenda kuchukua msimbo kwenye seva ya mtu mwingine na kuuendesha. Kiraka kilipatikana haraka, kwa jitihada za wachache waliojitolea. Kilichowatesa wenye mifumo kilikuwa swali la kitoto: je, sisi tunaitumia? Wengi hawakuwa wameitaja popote. Ililetwa na kitegemezi cha kitegemezi, kupitia urahisi uleule ulioanza na Maven 2.

2021–2024: Nusu sekunde

Kubana mafaili kwa mtindo wa xz ni kazi iliyoletwa kwa watu wa Linux na Lasse Collin wa Ufini. Kwa miaka mingi aliitunza karibu peke yake, bila malipo. Mwaka 2021 akajitokeza mtu aliyejiita Jia Tan, akaanza kutuma viraka vizuri. Mwaka 2022 majina mengine yasiyojulikana yalianza kumsonga Collin kwa malalamiko kwamba anachelewa na kwamba aongeze mtunzaji. Collin aliwajibu kwa upole kwamba nguvu zake zimepungua na kwamba kazi hii ni ya kujitolea. Mwishowe Jia Tan akapewa funguo.

Februari 2024 ikatoka xz 5.6.0, na Machi 5.6.1. Hapo ndipo lile jambo la mwaka 1991 lilipotumika. Ndani ya hazina ya mradi kulikuwa na mafaili ya majaribio yaliyoonekana kama data iliyoharibika kwa makusudi, kitu cha kawaida kwa programu ya kubana. Yenyewe hayakufanya lolote. Kilichoyaamsha kilikuwa faili la m4 la Autoconf lililokuwemo katika kifurushi kilichosambazwa, na halikuwemo kwenye hazina. Configure ilipoendeshwa, faili hilo lilitoa msimbo uliofichwa ndani ya data ya majaribio na kuupachika kwenye maktaba iliyokuwa ikijengwa. Lilichagua pa kufanya hivyo: kwenye Linux ya x86-64 tu, na pale kinapojengwa kifurushi cha Debian au cha RPM.

Lengo lilikuwa mlango wa OpenSSH, ambao wasimamizi wa seva huingilia. OpenSSH haihitaji xz hata kidogo. Lakini Debian na wengine waliitia kiraka ili iweze kuuarifu systemd, mfumo unaoziamsha huduma za Linux, kwamba imeshaamka. Kiraka kile kilileta maktaba ya systemd. Na maktaba ya systemd ikaleta ya xz.

Andres Freund, mtengenezaji wa PostgreSQL aliyeajiriwa na Microsoft, alikuwa akipima kasi ya hifadhidata kwenye Debian ya majaribio. Akaona kwamba majaribio ya kuingia kwa SSH yanakula nguvu ya kompyuta kuliko kawaida. Akapima: sekunde 0.299 imekuwa sekunde 0.807. Akakumbuka pia malalamiko ya ajabu ya Valgrind, chombo cha kusaka makosa ya kumbukumbu katika programu, aliyoyaona wiki chache nyuma. Akafuatilia mpaka kwenye xz, na tarehe 29 Machi 2024, Ijumaa Kuu, akatangaza hadharani alichokikuta.

Hila ilikuwa imefika kwenye matoleo ya majaribio ya Debian, Fedora na openSUSE. Ile Debian imara ambayo vijana huilaumu kwa uchelewaji haikuguswa. Julai mwaka huo OpenSSH 9.8 ilitoka na uwezo wake yenyewe wa kuuarifu systemd, bila maktaba yoyote ya ziada. Msimbo wake ni mfupi. Kwa ajili ya kazi ndogo kiasi hicho, mlango wa seva za dunia ulikuwa umefungamanishwa na mradi wa mtu mmoja aliyechoka.

Kujenga upya ili kuamini

Wapo waliokuwa wameanza kutafuta njia nyingine mapema. Mwaka 2003 Eelco Dolstra wa Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, alianzisha Nix, ambayo hukitambulisha kila kitu kwa alama inayotokana na vyote vilivyotumika kukijenga, kompaila ikiwemo. Guix ya GNU ilifuata 2012. Mwaka 2013 watu wa Debian walianza kazi ya kuhakikisha kwamba msimbo uleule, ukijengwa na watu wawili wasiojuana, unatoa faili lilelile, biti kwa biti. Kazi yake ni ya subira: kuondoa tarehe ya ujenzi iliyojipenyeza ndani ya faili, kupanga orodha za mafaili zisibadilike kutoka mashine hadi mashine, kufuta jina la folda ya mjenzi. Mwaka 2023 Guix ilitangaza kwamba mti wake wote wa vifurushi unaweza kujengwa kutoka kwenye chanzo, kuanzia programu moja ya baiti 357. Onyo la Thompson la 1984 lilikuwa limesubiri jibu kwa miaka 39.

Hayo peke yake yasingeizuia hila ya xz, kwa kuwa ilikuwa ndani ya kifurushi kilichopokewa kama chanzo. Ndiyo maana tangu 2024 miradi mingi imeanza kujenga moja kwa moja kutoka kwenye hazina badala ya kifurushi kilichoandaliwa na mtu. Serikali nazo zimeingia: amri ya rais wa Marekani ya Mei 2021 ilidai orodha ya vitegemezi kwa programu zinazouzwa kwa serikali, na sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2024 inawatwika wauzaji wajibu wa vitu walivyovichukua kwa wengine.

Collin hakuiacha xz. Mei 2024 alitoa toleo 5.6.2, hila ikiwa imeondolewa.

Kwenu mnaojenga mifumo ya hospitali, ya shule, ya halmashauri na ya malipo hapa kwetu: weka faili la kufuli ndani ya mradi, tunza nakala ya vitegemezi vyote kwenye seva yenu, jaribu kujenga ukiwa umezima mtandao, na uisome orodha yote mpaka majina ya mwisho kabisa. Ukikuta humo maktaba inayobeba mfumo wenu na inayotunzwa na mtu mmoja, mwandikie, mpelekee viraka, na mwajiri wako akiwa na fungu, aombwe alitoe.